Je, wajua kwa nini mfamasia anakufuata mpaka kitandani ukishatoka thieta?

Wengi tunamjua mfamasia wa dirishani tu, unampa karatasi anakuandikia 1x3 kwenye bahasha unaondoka. Ila hospitali zenye mfamasia wa wodini utamuona anapita na mafaili, anauliza maswali ambayo daktari alishauliza juzi, ndugu wanachoka wanaona anarudia kazi. Harudii.

Iko hivi, mtu akifanyiwa operesheni dawa zake zinapita mikono mingi ndani ya siku moja. Nyumbani alikuwa na za presha, kulazwa zingine zikasimamishwa, thieta kapigwa nusukaputi na sindano za maumivu na antibayotiki, halafu wodini, na kila sehemu ina karatasi yake na zamu yake. Kosa linapenya pale kwenye kukabidhiana, na mara nyingi wala hakuna mzembe, ni kwamba kila mmoja kaona kipande chake tu. Mfamasia anazilinganisha zote mstari kwa mstari, ipi alikuwa anatumia, ipi imesimamishwa, ipi irudi na lini.

Chukua panado ambayo kila nyumba inayo. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sasa mgonjwa anapewa ya dripu gramu 1 kila masaa 6, hapo 4 zimeshatimia, kesho daktari mwingine anaandika vidonge na ile ya dripu haijafutwa, na ndugu aliyeleta uji kaleta na vidonge vya kichwa vyenye paracetamol hiyo hiyo kwa jina lingine. Ukitazama moja moja hakuna tatizo, ukijumlisha ini linaumia, na siku ya kwanza anaweza asionyeshe dalili yoyote ya maana.

Mwingine ni mama aliyejifungua kwa operesheni. Kapoteza damu, anaandikiwa vidonge vya madini chuma. Kama anatumia ARV zenye dolutegravir, ambazo ndio wengi wanatumia sasa Tanzania na Kenya, akizimeza pamoja na madini chuma tumbo tupu, dolutegravir inanaswa humo humo tumboni inaingia kidogo kwenye damu. Hakuna dawa ya kufuta hapo, ni kupanga muda tu: ARV masaa 2 kabla ya madini chuma au masaa 6 baada, la sivyo azimeze pamoja na chakula. Lakini lazima awepo mtu anayeona kadi ya CTC (kliniki ya ARV) na karatasi ya wodi ya wazazi kwa wakati mmoja, na amuulize mama pembeni, sio mbele ya mawifi, maana wapo ambao nyumbani hawajasema.

Mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, akipewa antibayotiki ya metronidazole baada ya operesheni ya tumbo, warfarin inapata nguvu zaidi na kidonda kinaweza kuvuja damu, kwa hiyo mfamasia anaomba kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe mapema. Na kuna mwandiko. Insulini "10U" ikiandikwa haraka ile U inasomeka sifuri, inakuwa 100, ndio maana wanakazania neno yuniti liandikwe lote.

Kwa hiyo akikuuliza unatumia nini taja vyote, hata mitishamba. Na siku ya kuruhusiwa muulize kila dawa ya nyumbani, hii naendelea au naacha? Mjomba wangu alitoka operesheni ya ngiri vizuri kabisa, wiki 2 baadae kichwa kinamgonga, tunampima presha iko juu sana. Asubuhi ya operesheni aliambiwa asimeze kidonge chake na kwenye karatasi za kuruhusiwa hakuna aliyeandika akirudie lini. Tulipomuuliza akatujibu, "si walisema nisimeze?"