Kichocheo hakiipi roketi nguvu

Kila roketi inaporushwa, hakosi mtu wa kutueleza kwamba fueli yake "imewekewa kichocheo ili iwe na nguvu zaidi". Jamani, hapana.

Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia; hakiongezi nishati inayotokana nao. Kwenye fueli yabisi, yaani ngumu isiyo majimaji, hiyo maana yake ni kasi ya moto kuula uso wa fueli, milimita kadhaa kwa sekunde. Basi.

Chukua zile roketi mbili nyeupe zilizokuwa zikifungwa ubavuni mwa Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani. Kila moja ilibeba karibu tani 500 za fueli: asilimia 70 hivi amoniamu pakloreti, ambayo ndiyo hutoa oksijeni, asilimia 16 unga wa alumini, mpira wa kushikamanisha vyote, na asilimia 0.4 oksidi ya chuma, yaani kutu iliyosagwa. Kichocheo ni hiyo kutu. Wengi huitaja alumini, labda kwa sababu ya mwanga wake mkali, lakini alumini ni fueli kamili: inaungua, inatoa joto, inakwisha.

Kutu husaidia pakloreti kuvunjika upesi. Moto unasogea karibu na uso, joto linalorudi usoni linazidi, na fueli inaliwa haraka. Gesi zikitoka nyingi kwa mara moja, shinikizo hupanda na msukumo hupanda. Hapa ndipo watu wanapopotea. Msukumo umeongezeka kweli, ila muda wa kuungua umepungua. Mshahara ni uleule, umeisha tarehe 10. (Shinikizo kubwa huleta nafuu kidogo ya ufanisi, lakini hiyo ni kazi ya shinikizo.)

Tena si kila mara mhandisi anatafuta kasi tu. Kwenye fueli za nitroselulosi na nitrogliserini, kemikali mbili za kulipuka, chumvi za risasi (ile metali, "lead") huwekwa ili, katika kiwango fulani cha shinikizo, kasi ya kuungua isipande hata shinikizo likipanda. Bila udhibiti wa namna hiyo, shinikizo na kasi vinaweza kuchocheana hadi ganda la roketi lipasuke.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi, tuseme tu kwamba kichocheo kimewekwa ili fueli iungue kwa kasi iliyokusudiwa. Sifa za nguvu waachieni pakloreti na alumini.