Hizo Mita 3 Si Dari

Nimeulizwa tena, na safari hii na nahodha mzima: "Utabiri wa mawimbi ulisema mita 3. Hili wimbi la mita 6 limetoka wapi?"

Limetoka kwenye hizo hizo mita 3, ndugu yangu.

Kimo tunachotangaza sisi watabiri si cha wimbi kubwa kuliko yote. Tunachukua theluthi ya mawimbi, yale makubwa, tunapiga wastani wake, basi. Kwenye kina kirefu, wimbi 1 katika kila 7 hivi hukipita kimo hicho. (Sijasema la saba ndilo kubwa! Yanaweza kufuatana mawili, kisha yakapita thelathini bila hata moja. Bahari haihesabu.) Na 1 katika kila 3,000 hivi hufika mara mbili yake. Yakipishana kwa sekunde 10, mawimbi 3,000 hupita kwa saa 8 na ushee. Aliyekutana na la mita 6 hakuonewa. Alikaa baharini vya kutosha tu.

Kuanzia mara mbili hivi ndipo tunapoliita wimbi jitu. Ni uwiano, si ukubwa mtupu. Lile la jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, tarehe 1 Januari 1995, lilikuwa mita 25.6 wakati kimo cha aina hiyo tunayotangaza kilikuwa mita 12 hivi. Kabla ya hapo mabaharia walioyasimulia walidhaniwa wanatia chumvi. Lakini linalonitisha zaidi ni la Ucluelet, Kanada, 2020: mita 17.6 tu, ila karibu mara tatu ya wenzake.

Tsunami ni jambo jingine kabisa. Kwenye kina kirefu hupita chini ya meli pasipo mtu kushtuka. Tuendelee.

Chanzo cha wimbi jitu? Hapo ndipo tunapokodoleana macho. Wengine husema ni vilele kukutana kwa bahati. Wengine, wimbi moja kuwanyang'anya jirani zake nguvu. Mimi naegemea bahati, ingawa matangi ya maabara yameonyesha huo unyang'anyi waziwazi. Ila tangini mawimbi hufuata njia moja. Baharini hutoka kila upande. Mkondo wa Agulhas, ule wa pwani ya Afrika Kusini, hauna ubishi: unayakabili mawimbi uso kwa uso, yanabanana na kuinuka.

Ufukweni hesabu yangu ya 3,000 iacheni, sakafu ya bahari huivuruga. Mwamba uliokaa mkavu dakika 20 haujathibitisha kuwa ni salama. Mimi kwanza hutazama unyevu umefika wapi juu ya jabali, ndipo nitazame maji.