Waamuzi wa pembeni katika futiboli ya Marekani: wanasimama wapi na wanafanya nini

Katika soka, mshika kibendera hutembea sambamba na beki wa mwisho na kumwachia refa filimbi. Mwamuzi wa pembeni katika futiboli ya Marekani ana filimbi yake mwenyewe, ana kitambaa cha njano cha kurusha anapoona faulo, na mara nyingi yeye ndiye anayeamua mpira uwekwe wapi na kama saa isimame au iendelee. Kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, waamuzi ni saba, na wanne kati yao wako pembeni.

Wawili wa kwanza ni mwamuzi wa dauni (dauni ni jaribio moja la kusogeza mpira mbele) na mwamuzi wa mstari. Wanatazamana kutoka pande mbili za uwanja wenye upana wa yadi 53 na theluthi moja, karibu mita 49, kila mmoja akiwa kwenye usawa wa mstari wa skrimeji, yaani mstari wa kudhaniwa unaokata uwanja pale mpira ulipowekwa. Wawili wengine wako yadi 20 mbele, kwenye eneo la mabeki: mwamuzi wa ubavuni yuko upande wa mwamuzi wa dauni, na mwamuzi wa uwanja yuko upande wa mwamuzi wa mstari. Refa, ampaya na mwamuzi wa nyuma ndio wanaobaki ndani. Kwenye mechi nyingi za sekondari Marekani waamuzi ni watano tu, hivyo pembeni hubaki wawili wanaobeba kazi ya wanne.

Kazi inaanza kabla mpira haujaguswa. Kila mwamuzi wa mstarini, yaani yule wa dauni na yule wa mstari, anahakikisha kwamba washambuliaji wamejipanga sawasawa. Sheria ya NFL inataka wasiopungua 7 wawe kwenye mstari. Mchezaji wa pembeni kabisa akiwa amerudi nyuma ya mstari, mwamuzi wa upande huo hunyoosha mkono kuelekea nyuma ya timu inayoshambulia. Ishara hiyo ni ya wenzake, ili nao wajue hesabu bila kuuliza. Kisha anaangalia nani ameotea na nani ametikisika kabla ya snapu, ule wakati mpira unaporushwa nyuma kati ya miguu ya senta.

Baada ya snapu, kosa la mwamuzi mgeni wa kazi ni kuufuata mpira kwa macho. Kila mwamuzi ana mchezaji wake wa kumtazama kwanza: wale wa yadi 20 kwa kawaida humchukua mpokeaji wa pembeni zaidi upande wao, kuona kama anashikwa au kusukumwa. Baadaye mwamuzi huhamia kulinda eneo, na mwisho kabisa mpira, ukija kwake. Wote saba wakiutazama mpira, faulo zinazofanyika mbali nao hazina shahidi. Pasi fupi ikirushwa ubavuni, mwamuzi wa mstarini anatakiwa pia ajue kama imeenda mbele au nyuma. Ikiwa imeenda nyuma, anatupa mkono nyuma kwa ishara, kwa sababu pasi hiyo ikidondoka mpira bado uko hai na yeyote anaweza kuudaka. Pasi ya mbele ikidondoka, mchezo huo mmoja, sio mechi, umekwisha hapo hapo.

Mbio zikija upande wake, mwamuzi wa mstarini hurudi nyuma hatua chache nje ya uwanja, anaacha mchezo umpite, kisha anaufuata kutoka nyuma akiwa nje yake. Akikaa ndani anazibwa na miili, au anagongwa. Mwamuzi wa yadi 20 hufanya kinyume: yeye hurudi nyuma mapema ili abaki mbele ya mkimbiaji, na asikubali kupitwa. Hivyo mchezo mmoja unatazamwa na macho mawili, moja kutoka nyuma na jingine kutoka mbele.

Kwa maoni yetu, kazi ngumu kuliko zote ni kuweka alama ya mpira. Timu ina dauni nne za kupata yadi 10, kwa hiyo inchi chache hubadilisha mechi. Alama ni pale mpira ulipofika mbele kabisa kabla mkimbiaji hajazuiwa, hata kama baadaye alisukumwa yadi tatu nyuma na kuangukia huko. Kinachohesabiwa ni mpira wenyewe, sio goti wala kichwa. Mwamuzi hukimbia sambamba na mstari wa pembeni hadi awe sawa na mpira, halafu anakata kona ya mraba na kuingia ndani moja kwa moja, mguu wake wa mbele ukionyesha mahali. Akiingia kwa mshazari, kila hatua inamsogeza mbali na alama bila yeye kujua. Mkimbiaji akizuiwa upande wa pili, mwamuzi wa mbali huwa na picha safi zaidi, naye huonyesha alama ile ile kwa mguu wake ili mwenzake aichukue.

Kwenye mstari wa pembeni, alama na saa huamuliwa kwa pamoja. Mkimbiaji akitoka nje, mwamuzi husimamisha saa kwa kuinua mikono na kuivusha juu ya kichwa. Akiangushwa ndani, au akizuiwa ndani kisha akabebwa nje kwa kurudishwa nyuma, mwamuzi huzungusha mkono na saa inaendelea. Kwenye NFL, saa iliyosimama kwa mpira kutoka nje huanza tena refa anapotoa ishara, isipokuwa dakika 2 za mwisho za kipindi cha kwanza na dakika 5 za mwisho za mechi, ambapo hungoja snapu. Sekondari hungoja snapu mechi nzima. Ndiyo maana timu iliyo nyuma kwa pointi hukimbilia nje, na ndiyo maana ishara ya mkono ikichelewa makocha hupandwa na hasira.

Mkimbiaji akisukumwa nje hadi kwenye benchi la wapinzani, mwamuzi mmoja anabaki kwenye alama na mwingine anawafuata wachezaji. Wote wakibaki kwenye alama, ngumi hurushwa migongoni mwao.

Ili waweze kukimbia, kuna ukanda wa yadi 2 kando ya uwanja ambao unatakiwa kuwa wazi mchezo ukiendelea. Kwenye NFL ukanda huo umepakwa rangi nyeupe. Sekondari, benchi likiuziba mara ya kwanza hupewa onyo, mara ya pili huadhibiwa yadi 5, na kuanzia mara ya tatu yadi 15. Mwezi Novemba 2013, kocha wa Pittsburgh Steelers, Mike Tomlin, alisimama kwenye njia ya Jacoby Jones wa Baltimore Ravens aliyekuwa akikimbia na mpira. Ligi ilimtoza Tomlin faini ya dola 100,000.

Mwamuzi wa dauni ana mzigo wa ziada: kusimamia watu wa minyororo, wenye fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10, na fimbo ya tatu inayoonyesha namba ya dauni. Klipu hufungwa kwenye mnyororo mahali unapokutana na mstari wa yadi tano wa uwanjani. Bila klipu hiyo, mnyororo ukiingizwa ndani kupima hauna pa kuanzia, na kipimo hakiaminiki. Tangu 2025 NFL hupima kwa kamera za Hawk-Eye, lakini minyororo imebaki kama akiba. Cheo cha mwamuzi wa dauni kilipewa jina hili mwaka 2017. Sarah Thomas, mwanamke wa kwanza kuamua Super Bowl, yaani fainali ya NFL, mwaka 2021, alikishika siku hiyo.

Karibu na mstari wa goli mpangilio hubadilika. Mpira ukiwa ndani ya yadi 5 hivi, waamuzi wa mstarini kwenye timu ya watano huondoka kwa snapu na kuwahi mstari wa goli, maana anayefika baada ya mkimbiaji hubaki kukisia. Wakati mwingine waamuzi wawili hukutana kwenye paironi, ile nguzo fupi ya rangi ya machungwa kwenye kona ya mstari wa goli. Mmoja hutazama miguu, mwingine mpira. NFL inataka miguu yote miwili iguse ndani ili pasi ihesabiwe. Vyuo na sekondari mguu mmoja unatosha. Kabla ya mikono kuinuka kuonyesha tachidauni, yaani bao la kuvusha mpira mstari wa goli, wawili hao hutazamana kwanza na kuitikiana kwa kichwa, kwa sababu ishara mbili zinazopingana ni vigumu kuzifuta mbele ya uwanja mzima.