Joto likipanda, mtoto na mbwa wanagombea kivuli kimoja

Msimu wa joto ukianza tu najua simu zitaingia, mzazi anapiga sauti inatetemeka, "daktari, mbwa wetu kamuuma mtoto na hajawahi kufanya hivi hata siku moja, au kashikwa kichaa?" Mimi ni daktari wa wanyama, mbwa ndo kazi yangu ya kila siku, na hilo neno "hajawahi" nimelisikia mno mpaka siku hizi swali langu la kwanza ni moja, alikuwa amelala wapi? Jibu halichezi mbali: chini ya gari, nyuma ya mlango kwenye sakafu ya baridi, kwenye kivuli cha ukuta pembeni ya ndoo ya maji. Na mtoto kamfuata hukohuko.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anatoka kidogo tu kwenye nyayo, kazi yote ya kujipoza inafanywa na kule kuhema ulimi nje. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, akivuka 40 kwa ajili ya jua hapo ashaanza kuwa hatarini. Kwa hiyo unapomwona mchana kajilaza kama gogo usidhani anapumzika, yuko kazini, hasa wale wa pua fupi na wenye manyoya mazito. Uvumilivu uliokuwepo asubuhi, ikifika saa nane mchana haupo tena, yaani mbwa ni yuleyule ila kaishiwa.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2023, walihesabu karibu matukio 70,000 ya watu kuumwa na mbwa kwenye miji minane kati ya 2009 na 2018. Siku za mionzi mikali ya jua matukio yalipanda kwa asilimia 11, za joto zaidi asilimia 4, na siku za mvua kubwa yakashuka kidogo, asilimia 1. Sasa takwimu kama hizo hazisemi kama mbwa walikuwa na hasira au watu tu walikuwa nje kwa wingi, na mimi kwa ninavyoona kazini ni vyote viwili vinakutana sehemu moja, manake shule zimefungwa, milango iko wazi, watoto wanakimbizana na kumwagiana maji wakipiga kelele, alafu wakichoka wanatafuta kivuli, na kwenye kivuli tayari yupo mwenzao.

Kitu ambacho natamani kila mzazi akijue ni huu mdomo. Mbwa anayehema anaonekana kama anacheka, na watoto wadogo hata meno ya mbwa aliyekasirika wanayasoma kama tabasamu. Mtazame vizuri mtoto anapomkaribia: alikuwa anahema, ghafla anafunga mdomo, kuhema kunakatika, mwili unakakamaa, anageuza kichwa pembeni lakini jicho linabaki kwa mtoto mpaka weupe wake unaonekana. Kwenye joto lile mbwa hafungi mdomo bure. Hiyo ni sekunde moja au mbili, na ndiyo nafasi yako ya kumwita mtoto kwa sauti ya kawaida, usipige kelele. Mkia ukitikisika usikupe matumaini, mbwa anatikisa mkia hata akiwa na wasiwasi. Na akinguruma jamani msimpige! Anayepigwa kwa kunguruma anajifunza kunyamaza, siku nyingine anauma bila taarifa.

Alafu kuna maumivu. Joto linaleta kupe, viroboto, nzi wanaotafuna ncha za masikio. Niliwahi kuletewa mbwa mpole wa miaka mitano aliyemuuma binti wa nyumbani, nikainua sikio nikakuta ndani pekundu, pa moto, pananuka, kupe wamejipanga kwenye mkunjo, na yule binti alikuwa amemkumbatia shingo akamlazia shavu palepale. Watoto wadogo wanaumwa sana usoni na shingoni kwa sababu hiyo, uso wao uko usawa mmoja na mdomo wa mbwa, na mara nyingi ni mbwa wanayemjua.

Nyumbani mpe mbwa kivuli chake ambacho mtoto haingii kabisa, maji yawe sehemu mbili, na mtoto afundishwe kumwita mbwa aje badala ya kumfuata alipolala, asipokuja basi hataki. Mtoto mdogo asibaki na mbwa peke yao hata ule muda wa kwenda kupokea simu. Mbwa akimjia mbio asikimbie, asimame kimya kama mti, mikono kifuani, macho chini, akianguka ajikunje afunike shingo na masikio.

Akishaumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, usipake pilipili wala mafuta, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo, na kama ni kichwani au usoni usisubiri hata saa moja. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kwa mwaka duniani, kama wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, wakati chanjo ikiwahi inazuia. Waambieni watoto mapema kwamba wakiumwa hawatagombezwa, wengi wanaficha kwa sababu walikatazwa kumchezea mbwa. Na mbwa mwenyewe kama anajulikana msimuue wala msimfukuze, afungwe sehemu salama yenye kivuli achunguzwe siku 10, mtoto akiwa tayari ameanza sindano, akibaki mzima siku zote hizo daktari wa mtoto ndo ataamua kama zilizobaki zisimamishwe.