Taa ya chaja kuwaka haimaanishi chaja ni nzima

Laptop ikigoma kuwaka au kuchaji, wengi huangalia taa ya chaja. Inawaka? Basi, wanasema, chaja haina tatizo. Betri imekufa au mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeungua. Watu wanauziwa betri mpya kwa hoja hiyo, na inauma, maana hoja yenyewe si sahihi.

Kwenye chaja nyingi, taa hiyo huonyesha tu kwamba umeme umefika kwenye adapta, yaani kile kiboksi cha chaja. Haisemi lolote kuhusu waya unaotoka hapo kwenda kwenye kompyuta, na waya huo ndio hukatika kwa ndani, hasa karibu na pini, unapokunjwakunjwa kila siku. Chaja nyingi za Dell na HP zenye pini ya duara zina kipini chembamba katikati. Hicho ndicho huiambia kompyuta chaja ni ya wati ngapi. Kikipinda, au waya wake ukikatika, kompyuta inaweza kuwaka vizuri lakini ikakataa kuchaji betri. Za USB-C nazo zina lao: laptop nyingi huhitaji volti 20, ilhali chaja ya simu inaweza kuishia volti 5 au 9.

Kwa hiyo azima kwanza chaja ya aina ileile, yenye volti zilezile na wati zisizopungua. Bado haiwaki? Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, kisha chomeka tena. Chaji iliyobaki kwenye saketi huweza kuizuia laptop isiwake. Lakini ukiona betri imevimba, usijaribu lolote. Chomoa, peleka kwa fundi.