Seliaki: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Mdogo wangu yuko Newala, tumbo limemsumbua karibu mwaka mzima, kuharisha, gesi, damu kila akipimwa iko chini, kapewa dawa za minyoo mpaka kachoka, mwisho jirani akamwambia acha ngano. Akaacha chapati, maandazi, mkate, miezi miwili tu kuharisha kukakata. Ndo akaenda kupima seliaki, ule ugonjwa ambao ukila ngano mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe, majibu yakaja hana. Nyumbani wakashangilia, mi nikawaambia subirini kwanza.

Hapo ndo penye dhana potofu inayoumiza watu kuliko zote, eti unaacha ngano halafu ndo unapima. Kile kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa unazitengeneza akiwa anakula gluteni, yaani ile protini ya kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Usipokula zinashuka na utumbo nao unaanza kupona, sasa kipimo kitaona nini? Daktari aliposikia hivyo akamwambia arudie ngano kila siku, wiki kama sita, ndo apime tena.

Wengine wanasema ni aleji tu. Siyo aleji jamani, kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinalala bapa, ndo maana mtu anakula samaki na mboga vizuri tu lakini madini ya chuma hayaingii na damu haipandi. Kuna wagonjwa hawaharishi kabisa, wao ni damu kupungua tu, au vipele vya kuwasha kwenye viwiko na magoti.

Halafu hili la "ugonjwa wa wazungu", nalisikia sana hapa Mtwara. Marekani nako waliamini kwao haupo sana, mpaka mtafiti Alessio Fasano, daktari wa watoto aliyetoka Italia, na wenzake wakapima watu zaidi ya 13,000, mwaka 2003 wakatoa majibu kwamba ni kama mtu 1 kati ya 133. Ulikuwepo, ila hakuna aliyeutafuta. Na hapahapa Afrika, watoto wa Kisahrawi, wale wenyeji wa Sahara Magharibi, walipopimwa, utafiti uliotoka 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100.

Eti kipande kidogo hakidhuru, kwa mwenye seliaki kinadhuru, na mkate wa brauni ni ngano ileile. Ila kama huna ugonjwa kula chapati yako kwa amani. Sisi tuna bahati, ugali wa muhogo, mtama, wali, ming'oko (vile viazi vya porini), vyote havina gluteni, vitumbua tu ndo uulize kama kachanganya unga wa ngano.

Sasa hivi mdogo wangu yuko wiki ya tatu, kila asubuhi mkate na chai, tumbo limerudi kulekule na anavumilia. Na mimi nitapima, maana ndugu wa tumbo moja na mgonjwa uwezekano wake ni kama mmoja kati ya kumi, kwa hiyo chapati siachi mpaka majibu yake na yangu yatoke.