Butilegi: uongo wa watu kumi na mmoja

Katika futiboli ya Marekani hakuna pasi niipendayo kama butilegi. Kwotabeki, yule mchezaji anayeanzisha mchezo na kurusha pasi, anajifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira, timu nzima inaelekea kushoto, kumbe yeye anachomoka kulia, mpira kauficha nyuma ya paja, anatafuta wa kumrushia. Kinachoniuma ni jinsi inavyofundishwa.

Makocha wengi huamini kwamba lazima kwanza uwachoshe wapinzani kwa mbio, yaani kukimbia na mpira badala ya kuurusha, ndipo uongo wako uaminike. Sivyo. Takwimu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zimechambuliwa, na timu zinazokimbia zaidi, au vizuri zaidi, hazikuonekana kufaidika kuliko nyingine na pasi ya namna hii. Walinzi wa kati hawakumbuki yadi za robo iliyopita. Wanatazama wazuiaji walio mbele yao, wale wanaomkinga kwotabeki: wakiondoka kwa hatua za mbio, miguu ya mlinzi inasogea kabla hajafikiri.

Hapo ndipo penye dhana ya pili, kwamba chenga ni ya kwotabeki peke yake. Wazuiaji waondoke hatua kwa hatua kama kwenye mbio za kweli, ila wasijisahau: kabla pasi haijarushwa, NFL inawaruhusu kuvuka mstari wa kuanzia, pale mpira ulipowekwa mchezo ukianza, kwa yadi 1 tu, vyuo vikuu yadi 3. Na mkimbiaji! Afunge mikono tumboni, ainame, apenye mpaka akamatwe. Akigeuza shingo hata kidogo kutazama mpira umekwenda wapi, siri imetoka. Mimi ningeanza mazoezi na huyu.

Kasi ya kwotabeki nayo inasifiwa kupita kiasi. Frankie Albert, kwotabeki wa timu ya San Francisco 49ers, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo huu miaka ya 1940, alisifika kwa ujanja wa mikono.

Kuna wanaosema pia kuwa mlinzi wa pembeni asipodanganyika, mchezo umekufa. La hasha. Mfundishe kwotabeki wako kumtazama huyo mlinzi mara tu anapogeuka. Akimkuta usoni, ampe upesi mpokeaji wa karibu, yule aliyekimbilia ubavuni yadi tatu au nne. Mpokeaji naye akibanwa, kwotabeki autupe mpira nje ya uwanja: akishatoka nyuma ya wazuiaji kwenda pembeni, sheria ya NFL inamruhusu, mradi mpira ufike mstari wa kuanzia. Jaribio moja limepotea, lakini linalofuata litaanzia palepale, si yadi nane nyuma ambako angeangushwa na mpira mkononi.